IST yangu, ea klina ya koni na ekzosi ya inchi mbili na nusu: kelele zimepanda, nguvu imeshuka

Kuchele_Halisi:

Wakuu, habari za jioni. Nipo Mtwara mjini. Ndani ya mwezi huu watu watatu wamenisimamisha barabarani wakiuliza ile ekzosi ya IST nilifungia wapi. Nikiwaambia nimeshaitoa wanadhani nawabania fundi. Basi niandike mara moja, kila mtu asome.

Msimu wa korosho uliopita, baada ya mnada hela iliingia, na mwenye hela ya korosho hashauriki. Gari ni IST ya injini ya 1NZ-FE, cc 1496, otomatiki. Nikaipeleka kwa fundi mmoja, simtaji. Akang'oa boksi lote la ea klina, akaweka koni jekundu, yaani chujio la wazi lisilo na boksi, linalovuta hewa humohumo ndani ya boneti. Nyuma akakata bomba kuanzia mwisho wa masega (kile kisafisha moshi cha chini ya gari), akachomelea bomba la inchi mbili na nusu na sailensa yenye mdomo kama sufuria ya pilau. Laki nne na themanini, bila soda za vijana wake.

Siku ya kwanza nimeelekea Mikindani, nikikanyaga mbuzi wanahama barabara. Nikasema sasa hii ndiyo gari. Wiki ya pili tukaenda Newala kwenye shughuli ya familia, magari mawili. Tulipoanza kuupandisha uwanda wa Makonde, shemeji yangu na IST yake ya kawaida kabisa, abiria wanne na gunia la mchele nyuma, akanipita. Tena alinipungia mkono. Mimi nilikuwa na mke wangu tu, na mke wangu hakusema kitu, jambo ambalo ni baya zaidi kuliko angesema.

Ndipo nikaanza kupima. Nina kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani kinachosoma kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, kwenye simu, na kwa bahati gari yangu inakikubali. Nikatafuta kipande cha tambarare kisicho na watu alfajiri, gia nimeifunga namba mbili, naanzia kasi ya 40 hadi 80, mdogo wangu anabonyeza saa. Mara sita, tatu kwenda na tatu kurudi, ili upepo wa bahari usinidanganye. Wastani ulikuwa sekunde 7.9. Nikaazima boksi la zamani la ea klina na kulifunga, nikapata 7.4. IST ya shemeji, sekunde 7.2. Kwa maneno mengine, nililipa laki nne na themanini kuwa nyuma ya gunia la mchele.

Sasa kwa nini? Nimesoma sana na nimeuliza mafundi wawili wazee, naeleza nilivyoelewa.

Injini ni pampu ya hewa. Petroli inaingia kwa kufuata hewa, kama kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Ukitaka nguvu zaidi lazima uingize hewa zaidi, hilo ni kweli, na ndiyo sababu koni inauzika. Injini ya cc 1496 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika inavuta karibu lita 4,500 za hewa kwa dakika. Ni nyingi, ila ea klina ya kiwandani ikiwa safi inazipitisha bila shida, maana waliolichora boksi lile walihesabu hizohizo lita.

Na hapa kuna jambo lililonichukua muda kulielewa. Ukiwa unatembea kawaida, kinachobana hewa siyo ea klina. Ni kipepeo cha throto, yaani mguu wako mwenyewe. Ukikanyaga robo, kipepeo kimefunguka robo, injini inavuta kupitia upenyo mdogo. Hata ukiondoa ea klina kabisa, huo upenyo uko palepale. Koni inaweza kuleta tofauti pale tu unapokanyaga mpaka chini na mizunguko iko juu. Sasa niambie, Mtwara hii yenye bajaji kila kona, kwa siku unakanyaga mpaka chini mara ngapi?

Halafu kuna joto. Boksi la kiwandani mdomo wake unachukua hewa kule mbele, mbali na injini. Koni langu lilikuwa linavuta hewa iliyokwisha kuchemshwa na rejeta. Nilikaa kwenye foleni ya stendi Mkanaledi mchana nikiangalia simu: nje nyuzi 31, hewa inayoingia kwenye injini 58. Na boksi la zamani, mahali palepale, saa zilezile, 38. Hewa ya moto ni nyepesi, mpigo mmoja wa pampu unabeba kidogo. Kutoka nyuzi 38 kwenda 58 unapoteza kama asilimia 6 ya hewa. Kwenye injini ya hosipawa kama 110 hizo ni hosipawa sita hivi, zimekufa kabla hata hujaondoka kwenye foleni. Ndiyo maana wote tumeshaona gari inakuwa nyepesi saa kumi na moja alfajiri na nzito saa nane mchana. Siyo mawazo yako.

Kule Newala kulikuwa na la ziada. Ukipanda, hewa inapungua kama asilimia moja kwa kila mita mia. Hilo lilimpata na shemeji pia, lakini yeye alianza na akiba, mimi nilianza na deni.

Vumbi nimeliacha la mwisho makusudi. Nilipofungua koni baada ya safari moja ya Newala, kwenye vile vipande ambavyo lami ilikuwa haijafika, nikapitisha kidole ndani ya bomba, upande wa baada ya chujio. Kidole kilitoka chekundu. Ule udongo ni msasa, na ulikuwa njiani kwenda kwenye ringi za pistoni. Koni lenyewe linapakwa mafuta ili kushika vumbi, na fundi alimwaga mafuta kama anakaanga samaki. Yaliyozidi yakaganda kwenye ule waya mwembamba wa sensa inayopima hewa. Waya ukichafuka unadanganya, na kontroli boksi haina macho mengine, inaamini inachoambiwa.

Nitaendelea na ekzosi, ngoja nile kwanza.

Dereva_wa_Masasi:

Siti ya mbele. Kaka hapo kwa gunia la mchele umeniua.

Fundi_Spana14:

Mkuu umeeleza vizuri upande wa hewa. Ila kwenye ekzosi nikutangulie: tatizo lako ni kwamba umeondoa bakipresha, yaani ule mbano wa moshi kule nyuma. Gari lazima iwe na bakipresha, bila hivyo haina nguvu. Nimefanya kazi hii miaka 15.

Kuchele_Halisi:

Fundi, heshima yako mkuu, ila hapo tubishane kidogo kwa amani.

Injini haihitaji kubanwa nyuma. Hakuna pampu inayofurahia kuzibwa. Inachohitaji ni moshi utoke kwa kasi. Kila silinda ikifungua valvu unatoka mkupuo mmoja wa moshi, na mkupuo ukikimbia kwenye bomba unaacha mvuto nyuma yake, kama lori la saruji linavyokupita pale barabarani na kuivuta gari yako ndogo kwa nyuma. Huo mvuto unasaidia kuondoa mabaki ya moshi kwenye silinda inayofuata. Bomba likiwa na upana unaofaa, kasi inabaki. Likiwa jembamba mno, moshi unabanwa ukikanyaga sana. Likiwa pana mno kama langu, moshi unapoa, unakuwa mzito, unatembea kivivu, na mvuto unakufa. Chini kule, kwenye mizunguko 1,500 mpaka 3,000 ambako IST inaishi maisha yake yote, ndiko nilikopoteza.

Kwa hiyo fundi anayeona "nimepanua bomba nguvu imepotea" ameona kweli. Jina tu la ugonjwa ndilo silo.

Na kulikuwa na la pili ambalo ni aibu zaidi. Kila asubuhi injini ikiwa ya baridi nilikuwa nasikia *tsi-tsi-tsi-tsi* chini ya gari, ikipata moto inanyamaza. Nilidhani ni tapeti. Siku moja mzee mmoja fundi akaniambia washa, akachukua tambara bichi akaziba mdomo wa ekzosi kwa sekunde chache, akaniambia lala chini uangalie. Pale kwenye flanji, yaani maungio ya mabomba, mbele kidogo ya masega, moshi ulikuwa unachomoza pembeni, na kumejichora mstari mweusi wa masizi kama wanja. Yule mchomeleaji alilegeza flanji apate nafasi ya kukata, akairudishia na gasketi ileile ya zamani iliyokwisha kupasuka.

Mnaweza kusema tundu dogo tu, shida iko wapi? Shida ni kwamba tundu lilikuwa jirani na sensa ya oksijeni. Katikati ya mkupuo na mkupuo, bomba linavuta hewa ya nje kupitia lile tundu. Sensa inaona oksijeni nyingi, inapiga ripoti kwamba mchanganyiko una mafuta machache, kontroli boksi inaongeza petroli. Nilikuwa naongeza mafuta ya elfu ishirini naona mshale haupandi kama zamani, nikamlaumu mwenye sheli. Mwenye sheli, popote ulipo, nisamehe.

Mama_Noah:

Kaka Kuchele, mimi natembeza Noah kati ya Lindi na Nachingwea, biashara ya nguo. Kuna kijana ameniambia nitoe masega, gari itakuwa nyepesi na mafuta yatapungua, na kuna mtu atayanunua hela nzuri. Nifanyeje? Gari kwa kweli imekuwa nzito.

Kuchele_Halisi:

Dada, swali lako lina mambo mawili, tuyatenganishe.

Anayetaka kuyanunua anajua anachokitaka. Ndani ya yale masega kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya thamani, na wewe utapewa kipande kidogo cha hela yake. Hapo faida ni ya kwake.

Ila ya pili usiipuuze: masega yakiziba kweli, gari inakufa. Dalili yake ni gari kuwasha vizuri, kuondoka vizuri, halafu ukikanyaga haipandi, kama mtu anakimbia huku amezibwa pua. Yanaziba kwa injini inayokula oili au plagi inayomisi kwa muda mrefu, petroli mbichi inaenda kuungulia humo ndani na masega yanayeyuka. Mwambie fundi agonge taratibu kwa nyundo ya mpira. Yakilia kama njugu kwenye kopo, yamevunjika. Kipimo cha uhakika zaidi ni kufungua sensa ya oksijeni ya mbele na kufunga geji ya presha kwenye tundu lake. Injini ikizungushwa na geji ikapanda sana, kuna mzibo mbele.

Kama hayajaziba, ukiyatoa hutapata kitu cha maana. Kuna Noah zenye sensa ya pili nyuma ya masega. Ikiona hayapo, taa ya injini inawaka na mashine inasoma P0420, namba ya kosa la masega. Halafu watakuuzia kidude cha kuidanganya sensa, nacho kina bei yake. Na harufu itaingia ndani ya gari, kwenye nguo zako za biashara.

Anza na ea klina kwanza. Ifungue leo uiangalie juani. Kwa njia ya Nachingwea kiangazi, ningeibadilisha mapema kuliko kitabu kinavyosema.

Lindi_Turbo:

Mkuu Kuchele nakubaliana na wewe kwa gari zisizo na turbo. Ila usiwakatishe tamaa wote. Mimi nina Subaru Forester ya injini ya EJ20 yenye turbo hapa Lindi. Turbo inazungushwa na moshi, inataka presha kubwa kabla yake na ndogo sana baada yake. Bomba linaloshuka kutoka kwenye turbo ukilipanua, unapata nguvu ya kweli, siyo ya masikio. Turbo inaamka mapema na mwili unausikia kwenye kiti.

Lakini, na hii "lakini" ilinigharimu injini, moshi ukipita kirahisi turbo inaweza kusukuma hewa kuliko iliyopangwa. Sikutuni kontroli boksi. Nilikimbia hivyo miezi miwili, siku moja njiani kuelekea Kilwa ikaanza kutoa moshi wa bluu. Kufungua, pistoni ya nne, kingo zinazoshikilia ringi zimekatika. Hewa imezidi, petroli haikutosha, mlipuko umepiga kabla ya wakati. Nikanunua injini nyingine nzima.

Na kuhusu ule mlio wa *bu-bu-bu-bu* ambao kila kijana wa Subaru anautaka: unatokana na mabomba ya hedasi, yale yanayotoa moshi kwenye injini, kuwa na urefu usiolingana upande na upande. Kwenye Legacy ya 2003 Wajapani wakayalinganisha, mlio ukapotea na gari haikudhoofika. Kwa hiyo mlio siyo nguvu.

Kuchele_Halisi:

Pole sana mkuu. Na umesema kitu nilichokuwa nakitafuta: nguvu ya masikio. Mimi mwenyewe siku ile ya Mikindani ningeapa mahakamani kwamba gari inakimbia zaidi. Sauti ikipanda, mwili unadhani kasi imepanda. Bila mdogo wangu na saa ya simu ningekuwa bado nasifia.

Kiangazi_Kirefu:

Wakuu na wale wanaoshusha bomba la hewa chini nyuma ya bampa kutafuta hewa ya baridi? Nimeona Mark II moja iko hivyo, inapendeza.

Dereva_wa_Masasi:

Hewa ya baridi ataipata, hesabu ya Kuchele inamuunga mkono. Sasa subiri masika. Mei 2024, wiki ile kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya Dar pale Somanga, kuna jamaa yangu alikuwa na mtindo huohuo. Hata Somanga hakufika. Alikuta dimbwi la magoti, gari zingine zinapita taratibu, na yeye akaingia. Koni liko chini ya maji, injini ikavuta kikombe kimoja tu. Maji hayashindiliki kama hewa. Pistoni imepanda, imekuta maji, konrodi imepinda kama ndoano. Sauti ilikuwa moja tu, *ko!*, kimya.

Ndiyo maana Land Cruiser za kazi zinapandisha bomba la hewa mpaka usawa wa paa. Hata pasipo na mto kule juu vumbi ni pungufu, maana vumbi la gari ya mbele linatambaa chini. Ila kila kiungo cha lile bomba kizibwe vizuri, kukiwa na ufa mmoja umevaa kofia tu.

Boda_Chikongola:

Mimi naendesha Boxer. Tukitoa vile vichujio vya ndani ya ekzosi pikipiki inalia vizuri na abiria wanatusikia mbali. Inahusu na sisi huku?

Kuchele_Halisi:

Inawahusu kuliko sisi. Gari ya sindano za umeme ina sensa zinazojaribu kurekebisha. Pikipiki yako ina kabureta, na kabureta haijui umetoa nini nyuma. Moshi unatoka haraka, hewa inaingia zaidi, jeti ya petroli ni ileile. Mchanganyiko unakuwa na mafuta machache, injini inachemka. Chomoa plagi uiangalie: ikiwa kahawia kama korosho iliyokaangwa vizuri, uko salama. Ikiwa nyeupe kama chaki, unapika pistoni. Ukishatoa vichujio, jeti lazima iongezwe ukubwa. Au virudishe, wagonjwa wa hospitali ya Ligula nao walale.

Fundi_Spana14:

Nimesoma mara mbili. Hapo kwenye kasi ya moshi nimekuelewa, Kuchele. Nina mteja kesho wa Vitz anataka inchi mbili na nusu, nitamwonyesha huu uzi. Akikataa namfungia, maana hela ni hela.

Swali: mwisho umeirudisha yote ilivyokuwa?

Kuchele_Halisi:

Karibu yote, fundi. Boksi la ea klina la kiwandani nimenunua la mtumba, ndani chujio jipya la karatasi. Sensa ya hewa nimeisafisha kwa dawa yake ya kupuliza, bila kuigusa kwa kitambaa. Gasketi mpya ya flanji. Bomba la nyuma nimetafuta la IST nyingine iliyogongwa mbele, lenye sailensa yake. Throto nayo tuliifungua tukaisafisha, ilikuwa na masizi meusi ukingoni kama chungu cha kuni. Tumerudia kipimo palepale alfajiri, saa ileile na mdogo wangu: 7.1.

Sekunde 7.1 kwa gari ya kiwandani iliyosafishwa. Shemeji sijamwambia, nasubiri safari ya Newala.

Lile bomba nene lipo uani, kuku wanatagia kwenye sailensa. Anayelitaka aje PM.

Boda_Chikongola:

Bei gani mkuu? Nalihitaji.

Kuchele_Halisi:

Kwa Boxer?!

Boda_Chikongola:

Hapana mkuu. La kushusha maji ya mvua kutoka batini kwenda kwenye simtanki. Inchi mbili na nusu inatosha kabisa.